Korosho zina madaraja, mbona kazi za mama zetu kiwandani zimetiwa gunia moja?

BintiMikindani

Wakuu, habari za leo. Wazee wangu shikamooni. Mtwara kuchele.

Nina jambo limenikaa moyoni tangu msimu uliopita. Nimeona nililete hapa kwa sababu humu kuna watu wa viwandani, wa bandarini, wa halmashauri na wakulima, na linatuhusu sote kuanzia Kilwa mpaka Nanyumbu. Ni refu, mnivumilie.

Nilifanya kazi kwenye ofisi ya utumishi ya kiwanda kimoja cha kubangua korosho huku kwetu. Jina la kiwanda sitalitaja. Siku moja meneja aliniita akasema mishahara imekaa ovyo, watu wananung'unika, nitengeneze jedwali jipya la madaraja. Akanipa la zamani nianzie hapo.

Jedwali lile lilikuwa na madaraja saba. Ya juu nayaacha, twende chini. Mlinzi alikuwa na mstari wake. Mpakiaji mstari wake. Mwendesha boila wake, dereva wa trekta wake, fundi wake, na msaidizi wa fundi naye wake. Halafu daraja la mwisho kabisa, mstari mmoja: "Wabanguaji, wamenyaji, wachambuaji, wafagiaji." Zaidi ya nusu ya watu wa kiwanda walikuwa ndani ya mstari huo mmoja, na ukiondoa vijana wachache, wote walikuwa wanawake.

Nikafungua faili la maelezo ya kazi. Mlinzi alikuwa na nusu ukurasa: analinda mali, anasaini daftari la zamu, anakagua magari yanayoingia na kutoka, anatoa taarifa. Mpakiaji mistari sita. Mchambuaji: "Kuchambua korosho na kazi nyingine atakazopangiwa na msimamizi." Basi.

Kwa wasiowahi kuingia kule ndani: korosho ghafi ikishakaushwa hupikwa kwa mvuke, ndipo inaenda kwa wabanguaji. Mbanguaji anakanyaga mashine kwa mguu huku mkono unalisha korosho moja moja kwenye kisu. Ganda lile lina mafuta yanayobabua ngozi, ndiyo maana unaona mikono ya mama zetu imeparara na vidole vimekuwa vyeusi. Akikosea kidogo punje inavunjika, na kipande hakina bei ya punje nzima. Kisha korosho inaingia tanuri, inamenywa ganda laini, ndipo inafika kwa mchambuaji. Huyu anatenga nyeupe na iliyoungua, nzima na nusu, kubwa na ndogo. Mnunuzi akiandika W320 anataka punje 300 hadi 320 kwenye ratili moja, zisizidi. W240 ni kubwa zaidi na bei yake iko juu. Mzigo ukichanganywa, bei inashushwa au unarudishwa. Anayezuia hilo ni mama aliyekaa mezani na jicho lake, tangu asubuhi mpaka jioni.

Kwa hiyo kiwanda kinajua kupanga korosho kwa madaraja mengi kiasi hicho, kwa rangi, kwa ukubwa, kwa uzima wake. Lakini wale wanaozipanga wametiwa gunia moja na mfagiaji, na mfagiaji mwenyewe hakuna aliyewahi kumuuliza anafanya nini.

Sisi watu wa kusini hili tunapaswa kulielewa haraka kuliko wengine. Tunaijua kangomba. Tunajua mkulima alivyopunjwa kwa bakuli la mnunuzi wa vichochoroni, mzigo ni wake lakini kipimo ni cha mwenzake. Ndiyo maana stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza korosho kupitia ghala, ilipoanza mwaka 2007 ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya mizani kama ulivyokuwa juu ya bei. Jedwali la madaraja ya kazi ni mizani. Kama limetengenezwa na mtu anayeona gunia lakini haoni kidole, mama atapunjwa hata kama mwajiri hana nia mbaya na hata kama mshahara unalipwa tarehe ile ile kila mwezi.

Na sheria yetu inalijua hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi, na inapoeleza sera na taratibu za kazi inataja uainishaji wa kazi na upangaji wa madaraja pamoja na mishahara. Kisha inamtaka kila mwajiri achukue hatua za kuhakikisha wanawake na wanaume wanapata ujira sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Someni vizuri hapo. Haikusema kazi ile ile. Imesema thamani sawa. Mlinzi na mchambuaji hawafanyi kazi moja, lakini thamani inaweza kulingana, au ya mchambuaji ikazidi. Utajuaje bila kupima?

Nataka tujadili namna ya kupima. Nitaeleza tulivyofanya sisi na ilipoishia. Karibuni.

MwanaNewala

Dada, nakuheshimu na uzi wako nimeusoma wote. Ila mimi ni mpakiaji, msimu wa nne huu. Gunia la korosho ghafi ni kilo 80. Tunashusha lori zima watu wanane, jua la Oktoba hilo, vumbi linaingia kifuani. Ukija kuniambia mtu aliyekaa kwenye kiti chini ya feni ana kazi sawa na yangu, naona mnatuonea sisi tuliochoka migongo. Sina ubaya na mama zetu. Mama yangu mwenyewe alimenya korosho.

Karani_wa_Ghala

MwanaNewala kasema kweli. Mgongo ukishakufa hakuna wa kukulipa.

BintiMikindani

Kaka MwanaNewala, asante kwa kusema kwa adabu. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu swali lako ndilo lililotuchukua siku nyingi kuliko yote.

Njia tuliyotumia inajulikana duniani, inapendekezwa na Shirika la Kazi Duniani. Kila kazi inapimwa kwa vigezo vinne: ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira ya kazi. Kila kigezo kinagawanywa vipande vidogo na kila kipande kinapewa alama. Anayepimwa hapo ni kazi, mtu aliyeishika haingii kwenye hesabu. Hatuulizi fulani ni hodari au mvivu, ana watoto wangapi, au anahitaji pesa kiasi gani.

Makosa huanzia kwenye kugawa alama. Tuchukue alama 1,000. Ukisema nguvu za mwili pekee zina 400, umeshajua nani yuko juu kabla hujapima kitu. Sisi tuligawa hivi: ujuzi 320, wajibu 280, juhudi 240, mazingira 160. Ndani ya juhudi tukaweka kubeba uzito, na pia kukaza macho, kurudia tendo moja kwa kasi saa nzima, kukaa shingo imeinama. Ndani ya mazingira tukaweka jua, vumbi, kelele, joto la tanuri na mafuta ya ganda.

Gunia lako halikudharauliwa, kaka. Mpakiaji alipata alama za juu kuliko wote kwenye uzito, na alistahili. Ila nikuulize: mama anayehamisha beseni la kilo 15 kutoka kwenye tanuri kwenda mezani, mara 40 kwa zamu, amebeba kilo ngapi? Ni 600. Hakuna aliyewahi kuandika, kwa sababu beseni moja moja halimtishi mtu.

Kamati yetu ilikuwa na watu sita, wanne wa sakafuni na wawili wa ofisini, nusu wanawake. Kijana mmoja wa upakiaji alikuwa mbishi kama wewe, na hoja zake zilikuwa hizi hizi zako. Tukamwomba akae meza ya kuchambua saa moja, apewe trei kama mwingine yeyote. Msimamizi alimrudishia trei mara mbili, alichanganya 240 na 320, na nusu zilikuwa zimejificha chini ya nzima. Aliporudi kwenye kikao macho yakimtoka machozi, yeye ndiye aliyesema alama za umakini tulizoweka ni chache, ziongezwe. Sikumshawishi mimi. Meza ilimshawishi.

MwanaNewala

Nimekuelewa hapo kwenye beseni. Sijakubali yote, ila hilo la beseni limenikaa. Mama alikuwa akirudi jioni hawezi kuinua shingo, sisi watoto tunadhani amenuna.

Mfanyabiashara_Masasi

Mimi nina kakiwanda kadogo Masasi, watu 14. Naona mnazunguka mbali. Kama mama hawatoshelezwi, waongezewe kidogo msimu ukiwa mzuri, mambo yaishe. Madaraja, alama, kamati, yote haya ya nini kwa kiwanda kama changu?

Wakili_Kusini

Ndugu Mfanyabiashara, naomba nikupe kisa kimoja cha kweli kwa sababu kinajibu swali lako moja kwa moja.

Mwaka 1968, kiwanda cha magari cha Ford kule Dagenham, Uingereza, kilifanya tathmini ya kazi. Wanawake walioshona vitambaa vya viti vya magari waliwekwa daraja B, la wasio na ujuzi wa kutosha, wakati kazi walizoziona zinalingana na yao ziliwekwa daraja C. Tena ndani ya B yenyewe walilipwa asilimia 85 ya mshahara wa mwanaume wa daraja hilo. Tarehe 7 Juni wanawake 187 walitoka kazini. Viti vikaisha, magari hayakamiliki, kiwanda kikasimama. Waziri wa ajira, Barbara Castle, akawaita, na walirudi kazini wakiwa wamepewa asilimia 92 ya mshahara wa wanaume wa daraja B. Miaka miwili baadaye bunge lao likapitisha Sheria ya Malipo Sawa ya 1970.

Watu wengi husimulia kisa hiki kama ushindi na kuishia hapo. Lakini wale wanawake walikuwa wamegoma kwa ajili ya daraja. Walitaka kazi yao itambuliwe kuwa ya ujuzi, wakapewa pesa, daraja hawakupewa. Ilibidi wagome tena, na C waliipata mwaka 1984. Miaka 16, ndugu yangu. Nyongeza bila daraja ni zawadi, na msimu mbaya ukija zawadi ndiyo inayokatwa kwanza.

BintiMikindani

Wakili, umenigusa pabaya. Kwetu ilikuwa kinyume chake. Nitaeleza chini.

Mfanyabiashara_Masasi

Nashukuru kwa kisa, sikukijua. Lakini bado, wakili, mfukoni kwangu hamjaingia. Nikiwapandisha wanawake tisa kwa mkupuo, benki inanikuta mlangoni. Au niwashushe wanaume?

Wakili_Kusini

Kushusha wanaume usithubutu. Kwanza mshahara ni mkataba, huwezi kuubadili peke yako. Pili, hata nchi zilizoweka sheria kali za jambo hili zimekataza. Ontario, Kanada, wana sheria ya mwaka 1987, na inasema wazi mwajiri hapunguzi malipo ya mtu yeyote ili kufikia usawa. Quebec nao walitunga yao mwaka 1996, nao vivyo hivyo. Wanaruhusu kulipa kidogo kidogo kwa miaka kadhaa mpaka pengo lizibike, ili biashara isianguke. Hiyo ndiyo njia hata kwako: andika pengo ni kiasi gani, panga utaliziba kwa misimu mingapi, saini na watu wako.

Na kuhusu udogo wa kiwanda, sheria za Ontario na Quebec zinaanzia wafanyakazi kumi. Wewe una 14. Kwa watu 14 una kazi nne au tano tu za kupima. Ni mchana mmoja na daftari.

Mwalimu_Nachingwea

Naomba ufafanuzi. Mnasema "kazi za wanawake" na "kazi za wanaume". Nani anaamua? Kiwandani kwa jirani yangu wamenyaji ni wanawake 30 na vijana wa kiume 10. Hiyo ni ya nani?

BintiMikindani

Mwalimu, swali zuri, na ndipo wengi hukosea wanapoanza.

Hatua ya kwanza ni kukusanya watu kwenye makundi ya kazi. Quebec wanaangalia mambo matatu: majukumu yanafanana, sifa zinazotakiwa zinafanana, na kiwango cha malipo ni kimoja. Yote matatu yakikutana, hilo ni kundi moja la kazi hata kama majina yanatofautiana. Na jina linadanganya sana. Kwetu kulikuwa na "msaidizi wa fundi" na "mama wa usafi wa mashine". Wote wawili walifungua visu, wakasafisha, wakapaka grisi, wakafunga. Mmoja aliitwa kwa ufundi, mwingine kwa umama.

Ndipo unahesabu. Quebec, wanawake wakifika asilimia 60 kundi ni la wanawake, na wanaume vivyo hivyo. Ontario kwa wanaume wameweka 70. Wamenyaji wa jirani yako ni 30 kati ya 40, yaani asilimia 75, kwa hiyo ni kundi la wanawake. Lakini idadi ya leo haitoshi peke yake. Wanaangalia pia historia ya kazi hiyo mahali hapo na jinsi jamii inavyoiona. Kazi inaweza kuwa na wanawake watano na wanaume watano msimu huu kwa sababu vijana wamekosa ajira, lakini mshahara wake ulipangwa zamani ilipokuwa ya mama peke yao. Pengo linabaki ndani ya mshahara, na vijana wale nao wanaumia.

Vijana kumi wa jirani yako wanalipwa mshahara uliopunguzwa kwa sababu ya mama zao. Waambie.

Chumvi_na_Mwani

Huku Lindi kwenye mashamba ya chumvi nimefanya kazi. Wanaume wanachimba na kutengeneza kingo za mabwawa, wanawake wanakusanya chumvi na kubeba kichwani kwenda kwenye lundo. Mwanaume analipwa kwa siku, mwanamke kwa gunia. Sasa nalinganisha vipi siku na gunia?

Na pili, kikundi chetu cha mwani sasa hivi ni wanawake watupu, tumeajiriwa na mnunuzi kukausha na kufunga. Hakuna mwanaume wa kujilinganisha naye.

BintiMikindani

Dada wa Lindi, pole na kazi, chumvi naijua inavyokula miguu.

La kwanza: kila malipo yageuze kuwa ya saa. Andika wiki mbili. Umeingia saa ngapi, umetoka saa ngapi, umepata magunia mangapi, umelipwa kiasi gani. Usisahau saa za kusubiri. Mvua ikinyesha au gari likichelewa, mwenye malipo ya siku bado anahesabiwa, mwenye malipo ya gunia anakaa bure. Gawanya pesa kwa saa zote. Wengi wakifanya hesabu hii hushtuka, maana kwa jicho gunia linaonekana kulipa vizuri. Wabanguaji wetu walilipwa kwa kilo ya punje nzima. Siku ambayo korosho imepikwa vibaya kule kwenye boila, punje zinavunjika nyingi, na hasara inaangukia mkono wa mbanguaji. Mwendesha boila mshahara wake uko pale pale. Hilo nalo liandikwe kwenye kipengele cha wajibu: nani anabeba hasara ya kosa la nani.

La pili, kukosa wa kulinganishwa naye. Quebec walilitungia kanuni. Mahali pasipo na kazi yoyote ya wanaume, huchukuliwa kazi mbili za mfano ambazo kwa kawaida ni za wanaume, msimamizi na fundi wa matengenezo, kisha kazi za wanawake zinapimwa dhidi ya hizo. Kwetu sheria haikuingia kwa undani huo, lakini akili ni hiyo hiyo. Pima kazi yako kwa vigezo vinne, kisha uliza mnunuzi yule analipa kiasi gani mlinzi wa ghala lake au mtu wa kupakia boti lake.

Nahodha_Msimbati

Naomba kuuliza kitu ambacho labda wengine wanaogopa kuuliza. Mimi nimekulia kwa mama yangu na bibi yangu. Sisi Wamakonde ukoo tunaufuata kwa mama, mashamba ya mikorosho mengi yalipitia huko. Ilikuwaje mwanamke mwenye shamba nyumbani akafika kiwandani akawa mtu wa mstari wa mwisho?

Mzee_Tandahimba

Mwanangu Nahodha, mimi nimeviona viwanda vile vya serikali vilipofunguliwa miaka ya sabini na nimeviona vilivyofungwa. Mwanamke alipoingia kiwandani aliambiwa ana vidole vyepesi, amezaliwa navyo. Kitu cha kuzaliwa nacho hakilipiwi. Kijana akijifunza kushika spana aliambiwa amepata ujuzi, akaandikiwa cheti. Lakini nani alizaliwa anajua kubangua korosho? Marehemu mke wangu alijifunza miezi, vidole vinachubuka, ndipo akaweza. Binti Mikindani, endelea mwanangu.

BintiMikindani

Shikamoo babu. Asante. Umesema kitu ambacho kamati yetu ilihitaji vikao vitatu kukifikia. Tuliandika kwenye daftari: mbanguaji mpya huchukua muda gani mpaka avunje kidogo kama wenzake? Msimamizi akajibu bila kusita, miezi mitatu hadi minne. Mpakiaji mpya? Wiki. Hapo kigezo cha ujuzi kikageuka chote, maana mwanzoni tulikuwa tumeandika "hakuna ujuzi unaohitajika" kwa wote wawili, kwa sababu wote hawana cheti.

Sasa niseme ilipoishia. Mezani kwetu mchambuaji alipata alama 465, mbanguaji 450, mpakiaji 410, mlinzi 335. Kamati yote ikasaini, na yule kijana wa upakiaji akasaini. Tukampelekea meneja. Alisoma kwa makini, na nasema ukweli hakutukejeli. Akakubali jedwali lipangwe upya: mchambuaji mstari wake, mbanguaji wake, mmenyaji wake, mfagiaji wake, kila mmoja na maelezo kamili ya kazi. Lakini malipo akasema yasubiri msimu ujao. Msimu ujao ukafika, akasema bei ya soko la nje si nzuri. Mkataba wangu ukaisha nikaondoka.

Kwa hiyo wale wa Dagenham walipata pesa bila daraja, na mama zetu wakapata daraja bila pesa. Wapo kwenye karatasi juu ya mlinzi na kwenye bahasha wako chini yake. Inaniuma kila nikipita barabara ile jioni nikiwaona wanatoka.

Wakili_Kusini

Dada, usilidharau hilo daraja. Ulichowaachia ni ushahidi. Karatasi iliyosainiwa na kamati ya mwajiri mwenyewe, inayosema kazi hii ina alama zaidi ya ile, halafu malipo ni kinyume, ni mwanzo mzuri wa shauri. Kifungu hicho hicho cha 7 kinasema mfanyakazi akishaonyesha dalili za awali za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kuwa haukuwepo unahamia kwa mwajiri.

Uingereza kuna shauri la Julie Hayward, mpishi wa kantini kwenye kiwanda cha kutengeneza meli cha Cammell Laird. Alidai kazi yake ina thamani sawa na ya mtu wa kupaka rangi, seremala na fundi wa vizuia joto wa pale pale. Mpishi na seremala! Mtaalamu huru akapima, akakuta thamani ni sawa. Mwajiri akasema huyu mama ana mapumziko ya chakula yanayolipwa na likizo nzuri zaidi, tukijumlisha yote yuko sawa nao. Mwaka 1988 mahakama ya juu kabisa ikakataa hesabu hiyo, ikasema mshahara wa msingi ulinganishwe na mshahara wa msingi.

Huku kwetu njia ni hizi. Kama mna chama cha wafanyakazi chenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa pale, kina haki ya kutambuliwa na mwajiri, kudai taarifa zinazohusika na majadiliano, na kuingiza jedwali hilo kwenye mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri. Ndiyo njia ninayoipenda, kwa sababu mtu mmoja haoneshwi kidole. Ikishindikana ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Migogoro isiyo ya kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 60 tangu ilipotokea, kwa hiyo msikae na jambo mkilipiga kalenda. Kujaza fomu hakuhitaji wakili.

Karani_wa_Ghala

Hili la chakula ninalisikia kila siku. "Hawa tunawapa uji." Kumbe lilishajibiwa.

Mama_Chikongola

Wanangu hamjambo. Mjukuu wangu ndiye ananiandikia, mimi nasema yeye anaandika. Nina miaka 22 kwenye korosho, viwanda vitatu tofauti. Nimesomewa uzi wote. Karatasi ya maelezo ya kazi mimi sijawahi kupewa. Hata moja. Nikitaka kupimwa nianzie wapi?

Wakili_Kusini

Shikamoo mama. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi taarifa za ajira yako, pamoja na maelezo ya kazi. Muombe. Ukikaa bila kupewa, hilo peke yake ni jambo la kuuliza.

BintiMikindani

Shikamoo mama yangu. Naongeza moja: usisubiri waandike wao. Ndipo tulipoanza sisi. Jioni hii mwambie mjukuu akuandikie kila ulichofanya leo tangu ulipoingia, hata kile unachokiona kidogo. Usiseme "nimebangua". Sema mkono umefanya nini, jicho limeangalia nini, umebeba nini, umemfundisha nani. Mwite mfagiaji naye, kaa naye muandike yake. Mkimaliza tuwekeeni hapa.

Mama_Chikongola

Nimefanya. Hii ya jana, Alhamisi.

Nimeingia saa kumi na mbili na nusu. Nimepaka mikono mafuta ya nazi. Nimekagua kisu cha mashine, kilikuwa kimelegea, nimekikaza mwenyewe kwa sababu fundi hufika saa mbili. Nimechota korosho beseni la kwanza, nimezigusa nikajua hazijaiva vizuri, nikamwita msimamizi akazirudisha kwenye mvuke. Wenzangu wa meza ya pili hawakugundua, nikawaambia. Nimebangua. Kila korosho naigeuza kwanza kabla ya kukanyaga, maana ikikaa upande inavunjika. Yamenirukia mafuta jichoni, nimenawa nikaendelea. Kuna binti mpya, wiki yake ya pili, amekaa karibu yangu nimfundishe. Nimepoteza kilo kadhaa zangu kwa ajili yake na hazikuhesabiwa. Nimepeleka mabeseni mwenyewe kwenye mizani, kumi na tisa. Mizani ilisoma pungufu beseni la saba, nikakataa, ikapimwa tena ikawa sawa. Jioni nimefagia maganda chini ya meza, nimeosha kisu, nimekipaka mafuta, nimefunika mashine.

Mjukuu amehesabu anasema ni mambo kumi na manne. Wao wananilipa moja.

Ya mfagiaji tunaandika kesho, leo alikuwa na mgonjwa hospitali ya Ligula.